Taa ya Injini Inapowaka Baada ya Kubadilisha Ekzosi: Namna ya Kufuatilia Hitilafu za Sensa ya Oksijeni

Gari limepelekwa kwa fundi wa ekzosi siku ya Jumamosi. Mafla ya kiwandani imeondolewa, masega (kichujio chenye vitundu kinachosafisha moshi, yaani catalytic converter) yamekatwa au yamebadilishwa, bomba jipya limechomelewa, na gari limetoka gereji likinguruma kama mwenyewe alivyotaka. Siku mbili tatu baadaye, taa ya rangi ya chungwa yenye umbo la injini inawaka kwenye dashibodi na haizimiki. Mwenye gari anaambiwa kwamba sensa ya oksijeni imekufa, ananunua nyingine, taa inazimwa kwa mashine, na baada ya wiki moja inawaka tena.

Mara nyingi sensa iliyotupwa ilikuwa nzima kabisa, na ilikuwa ikisema kweli juu ya kazi iliyofanyika kwenye bomba. Mimi mwenyewe nilinunua sensa mbili kwa ajili ya gari moja la silinda nne kabla ya kugundua kwamba ubaya wote ulitokana na tundu dogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti, lililoachwa kwenye mshono wa kuchomelea sentimita chache kabla ya sensa. Kwa sababu hiyo, mwongozo huu unafuata mpangilio ambao ningetamani kuwa nao wakati ule: kwanza kusoma kodi (namba za hitilafu zilizohifadhiwa na kompyuta ya injini), kisha kutafuta uvujaji, kisha waya, na sensa yenyewe pamoja na masega vikija mwishoni. Maelezo yanahusu magari ya petroli.

Sensa inapima nini

Sensa ya oksijeni ilianza kutumika kwenye magari ya kuuzwa mwaka 1976, pale Volvo ilipofunga sensa iliyotengenezwa na Bosch kwenye magari yaliyopelekwa Marekani. Umbile lake halijabadilika sana: ndani ya ncha ya chuma yenye vitundu mna kauri ya zirkonia ambayo upande mmoja inaguswa na moshi na upande wa pili inaguswa na hewa ya nje. Tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo mbili huzalisha umeme mdogo. Moshi ukiwa na oksijeni kidogo, maana yake petroli imezidi, sensa hutoa takribani volti 0.9. Moshi ukiwa na oksijeni nyingi, maana yake petroli imepungua, hutoa takribani volti 0.1. Mpaka kati ya hali hizo mbili uko karibu na volti 0.45, na ndipo injini inapochoma kwa uwiano wa gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli. Kauri hiyo haifanyi kazi ikiwa baridi, bali huhitaji joto la nyuzi zaidi ya 300 za Selsiasi, na ndiyo maana sensa nyingi zina hita ndani yake na waya nne badala ya moja.

Magari mengi yana sensa mbili kwa kila mkondo wa moshi. Ya mbele iko kabla ya masega, na kompyuta ya injini huitumia kuongeza au kupunguza petroli kila sekunde. Ya nyuma iko baada ya masega, na kazi yake kubwa ni kuyachunguza masega kama bado yanasafisha moshi. Tofauti hii ndiyo ufunguo wa kazi yote, kwa sababu bomba lililobadilishwa kabla ya sensa ya mbele huharibu mchanganyiko wa petroli na hewa, ilhali bomba lililobadilishwa kati ya sensa mbili kwa kawaida huwasha taa tu bila gari kubadilika mwendo.

Toyota, Honda na Subaru nyingi za miaka ya 2000 na kuendelea zina sensa ya mbele ya aina nyingine, inayopima uwiano wenyewe wa hewa na petroli badala ya kusema "imezidi" au "imepungua". Kwenye Toyota za aina hiyo, usomaji wa kawaida ni karibu na volti 3.3, na mashine za bei nafuu huuonyesha kama volti 0.66 kwa sababu zinaugawa kwa tano. Fundi asiyelijua hili hukaa akisubiri namba ipande na kushuka kati ya 0.1 na 0.9, haimpi, naye anatoa hukumu kwamba sensa imekufa. Sensa za namna hiyo si rahisi mfukoni, kwa hiyo inafaa kujua unayo ipi kabla ya kuihukumu.

Hatua ya kwanza: soma kodi, usiifute

Ikiwa taa inawakawaka badala ya kuwaka mfululizo, simama mahali salama na usiendelee na safari. Kuwakawaka kunamaanisha kwamba kuna silinda isiyochoma vizuri, na petroli mbichi inayoingia kwenye ekzosi inaweza kuyayeyusha masega na kupandisha joto chini ya gari kwa kiwango cha hatari. Ikiwa inawaka mfululizo, una muda wa kutosha kufanya kazi kwa utaratibu.

Chomeka mashine ya kupimia kwenye tundu la pini 16, ambalo kwa kawaida liko chini ya dashibodi upande wa dereva. Andika kila kodi iliyopo, pamoja na picha ya data ambayo kompyuta iliihifadhi wakati hitilafu ilipotokea: joto la injini, mwendo, mzunguko wa injini, na marekebisho ya petroli, yaani asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Ukifuta kodi kabla ya kuandika, picha hiyo hupotea, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikueleze kama tatizo lilitokea gari likiwa limesimama kwenye foleni au likiwa kwenye mwendo wa barabara kuu.

Baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000 yana tundu hilohilo la pini 16 lakini kompyuta yake haizungumzi na mashine ndogo za bluutuu zinazouzwa madukani. Hapo itabidi kumtafuta fundi mwenye mashine inayoitambua Toyota au Nissan kwa itifaki yake. Toyota za zamani zaidi zina kisanduku cha uchunguzi chini ya boneti: ukiunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya na kufungua swichi bila kuwasha injini, taa hupepesa kodi. Kupepesa mara mbili, kisha kituo, kisha mara moja ni kodi 21, yaani mkondo wa sensa ya oksijeni. Kodi 25 ni petroli kupungua na 26 ni petroli kuzidi.

Kwenye mfumo wa kisasa, kodi zinazofuata mara nyingi kazi ya ekzosi ni hizi. P0171 husema mchanganyiko una petroli pungufu kwenye benki ya kwanza, na P0174 husema hivyo hivyo kwa benki ya pili. Zikitokea baada ya kubadilisha hedaz (mabomba yanayopokea moshi kutoka kichwa cha injini) au gasketi, shuku uvujaji wa hewa. P0130 hadi P0135 zinahusu sensa ya mbele ya benki ya kwanza, na P0136 hadi P0141 zinahusu ya nyuma. Zile mbili za mwisho wa kila kundi, P0135 na P0141, ni za hita, na karibu kila mara huelekeza kwenye waya, fyuzi au plagi iliyoachwa bila kuchomekwa. P0420, na P0430 kwa benki ya pili, husema masega hayasafishi inavyotakiwa. Neno "benki" hapa linamaanisha upande wa injini. Injini ya silinda nne zilizopangwa mstari mmoja ina benki moja tu, na benki ya kwanza daima ni ile yenye silinda namba moja.

Hatua ya pili: tafuta uvujaji kabla ya kugusa kitu kingine

Watu hudhani kwamba tundu kwenye ekzosi hutoa moshi nje tu. Moshi hutoka kwa mapigo, na baada ya kila pigo shinikizo ndani ya bomba hushuka kwa muda mfupi chini ya lile la nje, hivyo hewa safi hunyonywa kupitia tundu hilohilo. Hewa hiyo ikipita kwenye sensa ya mbele, sensa inaripoti oksijeni nyingi, kompyuta inaamini petroli imepungua na inaongeza, na gari linaanza kula mafuta na kutoa harufu ya petroli huku kodi ikisema kinyume chake. Uvujaji mdogo kiasi cha kutosikika kwa sikio unatosha kufanya hivyo, hasa injini ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), kwani wakati huo mapigo ni dhaifu na yanapishana kwa nafasi.

Kagua injini ikiwa baridi. Chuma kikipata moto hutanuka na kuziba nyufa, kwa hiyo uvujaji unaopiga "tik-tik-tik" asubuhi unaweza kunyamaza baada ya dakika tano. Fanya kazi mahali penye hewa, kamwe si ndani ya chumba kilichofungwa, kwa sababu gesi ya monoksidi ya kaboni inayotoka humo huua bila kunuka. Gari likiinuliwa, liwekwe juu ya stendi imara, si juu ya jeki peke yake.

Washa injini, mwombe mtu azibe mdomo wa nyuma wa bomba kwa kitambaa kinene kilicholowa, kwa sekunde chache na si zaidi, huku wewe ukisikiliza na kupitisha maji ya sabuni kwenye kila mshono na kila flenji (bamba la kuungia mabomba kwa bolti) kuanzia kichwa cha injini hadi baada ya sensa ya nyuma. Mapovu yatakuonyesha mahali. Tafuta pia alama nyeusi za masizi kandokando ya gasketi na kwenye mishono, kwa kuwa masizi hayadanganyi hata pale mapovu yanapokataa kutokea. Mahali pa kuanzia ni gasketi ya hedaz, kwa sababu hedaz za bei nafuu huwa na flenji nyembamba zinazopinda zinapokazwa, kisha kiungo chenye springi, kisha bomba la nyavu linalonyumbulika, na mwisho kiti cha sensa chenyewe kilichochomelewa upya.

Ukikuta uvujaji, utengenezwe kwa gasketi mpya au kwa kuchomelea upya. Silikoni ya kawaida ya kuzibia haifai karibu na sensa, kwa kuwa mvuke wake huacha tabaka jeupe juu ya kauri na kuiua sensa taratibu. Ukilazimika kutumia silikoni mahali popote kwenye injini, nunua ile iliyoandikwa kwamba ni salama kwa sensa. Kabla ya kuchomelea, ondoa waya hasi wa betri, fungua sensa zilizo karibu, na kibano cha athi cha mashine kifungwe kwenye bomba lenyewe karibu na mshono. Kompyuta za injini zimeungua kwa sababu ya kupuuza dakika hizo mbili.

Hatua ya tatu: waya na plagi

Kazi ya ekzosi karibu kila mara hudai sensa zifunguliwe na kurudishwa, na hapo ndipo makosa mengine huzaliwa. Fuata waya wa kila sensa kutoka kwenye bomba hadi kwenye plagi yake. Waya ulioegemea bomba la moto huyeyuka ganda na kugusana na chuma, na ule uliosokotwa wakati sensa ikifungwa huweza kukatika ndani bila ganda kuonyesha jeraha. Angalia pia fyuzi ya hita, kwani waya mmoja ulioguswa na bomba unaweza kuipiga na kuzima hita za sensa zote kwa mpigo.

Injini za V6 zina mtego wa peke yake. Kwenye Harrier yenye injini ya 1MZ-FE, kwa mfano, benki ya kwanza ni ile ya ndani, karibu na ukuta unaoitenganisha injini na dashibodi, na si ile unayoiona ukifungua boneti. Pale plagi zinapofanana na nyaya zinapofika pande zote mbili, fundi anaweza kuzichomeka kwa kupishana. Matokeo yake ni ya ajabu kidogo ukiyaona mara ya kwanza: kompyuta inaongeza petroli benki ya kwanza huku ikisoma moshi wa benki ya pili, haioni mabadiliko, inaongeza tena, hadi upande mmoja unazama kwenye petroli na mwingine unakauka. Ukikuta marekebisho ya petroli yamefika juu kabisa upande mmoja na chini kabisa upande wa pili baada ya ekzosi kubadilishwa, geuza plagi kabla ya kununua kitu chochote.

Waya ukiwa mfupi kwa sababu kiti cha sensa kimesogezwa, urefushe kwenye upande wa gari, si upande wa sensa, na utumie viungo vya kubana badala ya kuchomea kwa risasi. Sensa nyingi huvuta hewa yake ya nje kupitia nafasi ndogo zilizo kati ya nyuzi za waya wake, na risasi iliyoyeyushwa humo huziba njia hiyo. Kwa sababu hiyohiyo, usipulizie dawa ya kusafishia wala kupaka grisi ndani ya plagi ya sensa.

Hita hupimwa kwa multimita, plagi ikiwa imechomolewa na sensa ikiwa baridi. Kwenye sensa za Bosch waya mbili nyeupe ndizo za hita, nyeusi ni ya ishara na ya kijivu ni ya athi. Kwenye nyingi za Denso waya mbili nyeusi ndizo za hita. Usomaji wa ohm chache hadi kumi na kitu ni wa kawaida kwa sensa ya volti 0.1 hadi 0.9; usomaji usio na mwisho unamaanisha hita imekatika. Kisha fungua swichi na upime volti kwenye plagi ya upande wa gari: waya mmoja wa hita uwe na volti 12 au karibu yake. Usipokuwa nazo, sensa mpya haitakusaidia.

Hatua ya nne: tazama data injini ikiwa inaunguruma

Injini ikishapata joto lake la kawaida, fungua ukurasa wa data kwenye mashine na usome marekebisho ya petroli ya muda mfupi na ya muda mrefu. Jumla ya hayo mawili ikiwa ndani ya asilimia 10 juu au chini ya sifuri, mchanganyiko uko salama. Ikiwa imepanda asilimia 20 na zaidi injini ikiwa sailensa, na kushuka ukikanyaga hadi mizunguko 2,500, bado kuna hewa inayoingia mahali, ama kwenye ekzosi kabla ya sensa, ama kwenye mipira ya vakyumu iliyoguswa wakati wa kazi. Ikiwa inazidi kupanda kadiri unavyokanyaga, tafuta kwingine: pampu, filta ya petroli au kipimo cha hewa kilichochafuka, kwa sababu hapo ekzosi haina hatia.

Sensa ya mbele ya aina ya zamani inatakiwa kupanda na kushuka bila kusimama injini ikishikiliwa kwenye mizunguko 2,500. Kanyaga mafuta ghafla na iruke hadi volti 0.8 au zaidi; achia ghafla na ianguke karibu na 0.1, kwa sababu kompyuta imekata petroli. Sensa inayofanya hayo kwa wepesi ni nzima, hata kama kodi inaitaja kwa jina. Inayochelewa, au iliyoganda karibu na 0.45 hata baada ya hita kuthibitishwa, ndiyo ya kubadilishwa.

Sensa ya nyuma huonyesha kinyume. Masega yakiwa mazima hukaa imetulia, mara nyingi kati ya volti 0.6 na 0.7 kwenye mwendo wa kawaida. Ikiwa inaigiza kila hatua ya sensa ya mbele, moshi unaoifikia haujasafishwa, na kodi P0420 imesema kweli tupu.

Masega yakiwa yameondolewa

Hapa nitasema bila kuzunguka. Ikiwa masega yamekatwa, hakuna sensa mpya itakayozima taa hiyo, na kila shilingi inayotumika kwenye sensa imetupwa. Inafaa pia kujua kwamba ndani ya masega mna platinamu, paladiamu na rodiamu, na kwamba fundi anayejitolea kuyakata bila malipo na kubaki nayo hafanyi hisani.

Kuna vipande vya chuma vinavyouzwa ili kuivuta sensa ya nyuma nje ya mkondo wa moshi, na kuna vifaa vya umeme vinavyoiga ishara yake. Vyote viwili huinyamazisha taa bila kurudisha kilichoondolewa. Nchini Marekani kuondoa masega au kufunga vifaa vya kuhadaa mfumo huo kunakatazwa na sheria ya hewa safi, na mahali popote gari linapopimwa moshi kwa mashine, kifaa hicho hakidanganyi bomba la nyuma. Hasara nyingine hutajwa mara chache: ukishazoea taa iliyonyamazishwa, siku masega mapya uliyofunga yatakapokufa hutajua.

Ninachoshauri ni kurudisha masega, ya kiwandani yaliyo mazima au ya kununua yanayolingana na ukubwa wa injini. Yale yanayoitwa ya mtiririko mkubwa huwa na vitundu vichache, mara nyingi 200 kwa kila inchi ya mraba badala ya 400 au zaidi vya kiwandani, na kwenye baadhi ya magari P0420 hurudi hata yakiwa mapya, kwa kuwa kompyuta iliandikiwa kipimo cha yale ya awali. Kama unataka sauti, badilisha mafla ya nyuma na uache masega na sensa zake mahali pake. Sehemu kubwa ya ngurumo inatoka huko nyuma.

Kufunga sensa na kuthibitisha

Kiti cha sensa kichomelewe sehemu ya juu ya bomba, ili sensa iinamie chini kwa angalau nyuzi 10 kutoka mlalo. Sensa iliyofungwa chini ya bomba hukusanya maji yanayojitokeza injini ikiwa baridi, na kauri yenye moto ikiguswa na tone la maji hupasuka. Sensa nyingi zina nyuzi za M18 na spana ya 22. Zikaze kwa kati ya Nm 40 na 50. Mpya huja na mafuta ya kuzuia kuganda yakiwa yamepakwa tayari kwenye nyuzi, na ukiongeza mengine yasiguse ncha yenye vitundu.

Baada ya matengenezo, futa kodi kwa mashine. Kuondoa waya wa betri nako hufuta, ila pamoja nayo hupotea yote ambayo kompyuta imejifunza, na gari linaweza kusuasua siku ya kwanza. Kisha liendeshe kwa siku kadhaa, likiwemo safari ya mwendo usiobadilika barabarani kwa dakika kumi na tano hivi, kwani uchunguzi wa masega haufanyiki kwenye foleni. Kwenye mashine kuna ukurasa unaoonyesha vipimo ambavyo kompyuta imeshavikamilisha. Kile cha sensa ya oksijeni na kile cha masega vikisomeka kuwa vimekamilika, na hakuna kodi inayosubiri, kazi imekwisha. Hata usipofuta chochote, kasoro ikiondolewa kweli kompyuta huizima taa yenyewe baada ya safari tatu mfululizo ambazo kipimo kimefaulu.